Waliokwenda Ibo, na chumba kimoja cha Kivinje

Kwetu ukitumwa dukani ukachelewa, bibi alikuwa hakuulizi ulikuwa wapi. Anakuangalia tu, anakwambia "we ulikwenda Ibo?" Tumekua na neno hilo, na mimi mwenyewe nimejikuta nawaambia wanangu hivyohivyo, na wao wanawaambia wenzao shuleni, mpaka juzi mdogo akaniuliza, mama kwani Ibo ni wapi, mbona watu wanachelewa huko. Nikakaa kitako. Nikaona hili sasa niliandike.

Ibo ni kisiwa, kiko Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Ukivuka Ruvuma ukashuka na pwani, unaipita Mocímboa da Praia, unaendelea chini ndo unafika usawa wake. Wareno walimaliza kujenga ngome pale mwaka 1791, ina umbo kama nyota ukiiona kwenye picha ya juu, na miaka ya vita vya ukombozi polisi wao wa siri, PIDE, wakaifanya gereza la watu wa siasa. Kaka yake babu yangu aliishia humo. Watu wetu ni Wamakonde wa upande wa pili, wa Mueda, na baada ya yale mauaji ya tarehe 16 Juni 1960 pale Mueda wengi walianza kuhama kidogokidogo kuja huku. Babu alivuka mto na bibi, bibi ana mtoto mgongoni, wakafikia Newala, kaka mtu akabaki kwanza avune muhogo wake ndo afuate. Hakufuata. Alikuja mtu tu siku moja akasema wamemchukua, wamempeleka Ibo. Hakuna barua, hakuna kaburi, hakuna tarehe ya kusema leo tumsomee. Basi kwenye nyumba yetu kwenda Ibo ikawa ndo kwenda bila kurudi, na bibi akawa anatutishia nalo hilo kwa chumvi na mafuta ya taa, nadhani ndo ilikuwa namna yake ya kulitaja jina la shemeji yake kila siku bila kulitaja.

Mi kazi yangu ni msaidizi wa kisheria, hapa Lindi. Siyo wakili, tusichanganye. Sisi ndo wale tunaokaa na watu vijijini, tunawaandikia barua, tunawaeleza sheria inasemaje, tunawasindikiza baraza la kata, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tunatambulika rasmi, zamani tulikuwa tunafukuzwa tunaitwa vishoka. Kwa kazi hiyohiyo nikapata bahati ya kwenda semina ya wiki moja Johannesburg, Afrika Kusini, ndo mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na siku ya nne wakatupeleka mahali panaitwa Constitution Hill.

Ni kilima, katikati ya jiji kabisa. Juu yake kulikuwa na gereza tangu miaka ya 1890, enzi za Kruger, rais wa Makaburu, wanaita Old Fort, na hilo Old Fort walikuwa wanafungwa wazungu. Weusi walijengewa pembeni, panaitwa Number Four, yaani Namba Nne, na wenzetu wa kule ukiwatajia Namba Nne mpaka leo sauti zinashuka. Wanawake wakajengewa lao mwaka 1910. Gandhi alifungwa kilimani hapo mwaka 1908, Mandela aliwekwa Old Fort mwaka 1962, Winnie Mandela na Albertina Sisulu walipita kwenye gereza la wanawake. Ila nisiwadanganye, wengi kabisa hawakuwa na majina hayo. Walikuwa ni watu waliokamatwa hawana kitambulisho cha kutembelea mjini, ile pasi, au mama amepika pombe ya kienyeji kwa ajili ya ada ya mtoto. Makosa yao yalikuwa ni kuwa mtu mweusi mahali walipoambiwa wasiwepo.

Tuliingia Number Four. Kuna uwanja ambapo wafungwa wakirudi kazini walikuwa wanavuliwa nguo zote waruke, wageuke, wafungue mdomo, kuonyesha hawajaficha kitu mwilini, baba na kijana wake mstari mmoja. Kuna selo za peke yako, ukiingia na mlango ukavutwa nyuma yako hata nusu tu, unasikia pumzi yako mwenyewe. Kuna ubao umeandikwa chakula cha kila rangi ya mtu, mzungu hiki, machotara na Wahindi hiki, mweusi hiki, nyama gramu ngapi, mkate ngapi, na mweusi hana mkate. Mtu alikaa mezani akapiga hesabu ile na kalamu.

Ila kitu kilichonishika ni mablanketi. Wafungwa walikuwa wanashindanishwa, siku ya ukaguzi chumba kilichopanga vizuri kinapata nafuu fulani, basi wakawa wanakunja yale mablanketi mabovu wanatengeneza maumbo, na waliowahi kufungwa humo wamerudi wakayatengeneza tena ili watu tuone. Kuna kifaru cha vita, kizima, na mtutu wake, cha blanketi. Mi ni Mmakonde jamani, nimezaliwa kwenye vumbi la mpingo, najua mkono wa mtu ukinyimwa kila kitu bado utatafuta kitu cha kuchonga. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha.

Gereza lile lilifungwa 1983 likabaki gofu. Ubaguzi ulipokwisha, wakatafuta mahali pa kuweka Mahakama ya Katiba, mahakama mpya kabisa ya kulinda haki za watu, na majaji wenyewe wakachagua pale, kilimani, kwenye gereza. Jengo la mahabusu, wale wanaosubiri kesi, likabomolewa lakini matofali hayakutupwa. Yamejengea ukuta wa chumba cha mahakama. Ngazi nne za lile jengo la mahabusu zimeachwa zimesimama vilevile, ngazi bila ghorofa, na mahakama imejengwa katikati yake. Ikafunguliwa tarehe 21 Machi 2004, kwao siku hiyo ni ya haki za binadamu, wanakumbuka watu 69 waliopigwa risasi Sharpeville mwaka 1960.

Mlango wake sasa. Ni mlango wa mbao, mrefu kama nyumba, umechongwa, na kilichochongwa ni haki 27 zilizomo kwenye katiba yao, kwa lugha zao 11 na kwa alama za mikono za viziwi. Sisi watu wa pwani tunajua mlango wa kuchonga ni nini, mlango wa kuchonga unasema mwenye nyumba ni nani. Nikapitisha vidole kwenye zile herufi. Ndani hapo mbele ya majaji pamefunikwa ngozi za ng'ombe, kila ngozi na madoa yake, hakuna mbili zinazofanana, na kuna dirisha jembamba refu ukutani, jaji akiinua macho anachoona nje ni miguu ya watu wanaopita barabarani. Miguu tu. Viatu vya kila aina. Na nembo ya mahakama ni watu wamekaa chini ya mti, maana Waafrika tangu zamani shauri linasikilizwa chini ya mti, na nguzo za ukumbini zimewekwa zimepinda kama mashina. Mmoja wa majaji waliolisimamia jengo hilo ni Albie Sachs, ambaye mwaka 1988 alitegewa bomu kwenye gari palepale Maputo, Msumbiji, na watu wa serikali ya makaburu, akapoteza mkono wa kulia na uoni wa jicho moja. Mtu huyo ndo akaja kukaa kiti cha jaji juu ya gereza.

Tukaenda na gereza la wanawake. Siku hizi kuna ofisi humo, Tume ya Usawa wa Jinsia iko humo, watu wanafanya kazi kompyuta na mafaili. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja amekaa anasubiri zamu yake, mkoba mapajani, ameleta malalamiko yake. Sijui kesi yake ilikuwa nini. Ila nilimwangalia yule mama nikasema hii ndo yenyewe. Mablanketi nimeyalilia, mlango nimeushika, lakini mama yule kwenye benchi ndo aliyenionyesha gereza limegeuka kweli, maana jengo ambalo mwanamke alikuwa analetwa kwa nguvu sasa anakuja kwa miguu yake akiwa na hasira zake, na mtu analipwa mshahara kumsikiliza.

Nimerudi na hilo, halijanitoka mpaka leo.

Sasa twende nyumbani. Mwezi uliopita nilikuwa Kilwa kwa kazi, tuna kesi ya mama mmoja wa kijiji cha huko ndani, mume alifariki, shemeji zake wakaja msimu wa korosho wakaokota kila kitu wakasema mikorosho ni ya ukoo. Mama huyo yuko na haki, mikorosho walinunua yeye na mume wake, na ushahidi anao. Tulikutana naye kwenye baraza ya ofisi moja, hatukupewa chumba, pembeni kuna redio, kuna vijana wanacheza bao, kila anayepita anasimama asikilize. Akafungua fundo la khanga yake, taratibu, akatoa plastiki, ndani ya plastiki karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mashahidi watatu, dole gumba la muuzaji. Akaitandaza kwenye goti lake. Nikamwona anaifunika na kiganja kila mtu akipita. Akaniambia kwa sauti ya chini, "mwanangu, siwezi kusema yote hapa." Na kweli hakusema yote. Na mi najua kile ambacho hakukisema ndicho tulichokuwa tunakihitaji.

Nikalala Kivinje siku ile, asubuhi nikaamua kutembea kabla ya gari.

Kilwa Kivinje kwa asiyejua, huu ndo ulikuwa mji wa misafara, pembe na watumwa wakitokea bara huko Nyasa wanateremkia hapa, halafu Mjerumani akaja akaweka boma lake hapa. Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga alinyongwa hapahapa mwaka 1895, kwenye mwembe, na mahali hapo panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo hii. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, kule vilima vya Matumbi, Nandete, watu wakang'oa pamba ya Mjerumani, Maji Maji ikaanza, na mwezi uliofuata Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro. Mnara wa kumbukumbu upo mjini Kivinje, watoto wanauzunguka wakicheza. Rais wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yale yaliyofanyika, na nililia nikisikiliza redio, ila huku kwetu kusini mashariki ndo moto ulikowashwa, na huku majengo yao ya mawe mengi yamechoka, matumbawe yanamong'onyoka, chokaa imetoka, mti umeota ukutani.

Mzee mmoja alinikuta nimesimama naangalia. Shikamoo, marahaba. Akasema wageni wanakuja hapa wanapiga picha, mwanangu, halafu wanauliza barabara ya Kilwa Masoko. Nikamwuliza yeye angependa jengo kama lile liwe nini. Nilitegemea aseme makumbusho, au hoteli. Akafikiri, akasema, "pawe na mtu wa kumkuta."

Kuna sehemu huku kusini majengo ya namna hii yamegeuzwa hoteli, na kwa kweli nashukuru, bila hivyo yangeanguka, na kuna vijana wamepata kazi na wamesoma kwa ajili hiyo. Sina ugomvi na hoteli. Makumbusho pia nazipenda. Ila mi nataka kitu cha tatu, kile cha mzee. Pawe na mtu wa kumkuta. Ukutani pawe na majina ya walionyongwa, yote yanayojulikana, na chini ya majina hayo pawe na meza, na kwenye meza pawe na mtu anayejua sheria ya ardhi ya vijiji na mirathi na haki ya mtu aliyekamatwa, na mlango ufungike ili mama aweze kusema yote.

Na yasemwe yote. Hapa ndo najua wengine watanikasirikia, lakini nitasema. Tukifungua nyumba ya kumbukumbu ya haki za watu huku kwetu hatuwezi kuandika ya Mjerumani na Mreno tu tukafunga kitabu. Nachingwea ni mkoa wetu huu wa Lindi, kambi kubwa ya Frelimo, wale waliopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa pale, wapiganaji walipikwa pale, Samora Machel alikuwa pale, na sisi watoto wa waliovuka Ruvuma tunaisema Nachingwea kwa kujivuna na tuna haki ya kujivuna. Lakini palepale Nachingwea, Mei 1975, uhuru wa Msumbiji umebaki mwezi mmoja, Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo alisimamishwa mbele ya maelfu ya watu akasomeshwa ungamo refu la usaliti. Baadaye yeye na wenzake wakapelekwa kwenye kambi kule Niassa, wakauawa bila mahakama yoyote. Familia yao nao walibaki bila kaburi. Nikifikiria hilo namfikiria kaka yake babu. Naye Simango kwa watu wake alikwenda Ibo.

Na Tanzania tulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962, mtu anafungwa bila kesi, wapo wazee huku wanaokumbuka nani alichukuliwa usiku gani. Na ya gesi Mtwara mwaka 2013, watu walipopinga bomba la gesi, bado wanaisimulia kwa kunong'ona. Sitaki kumfungulia mtu mashtaka hapa. Nataka pawe na chumba ambacho mzee anaweza kuingia akasimulia, mtu akaandika, karatasi ikawekwa kabatini.

Maana angalieni Nairobi, Nyayo House, lile ghorofa la katikati ya mji. Chini ya jengo kulikuwa na vyumba vya kutesea watu wa siasa miaka ya themanini, serikali ya Kibaki ilipoingia 2003 vikafunguliwa watu wakaona, na waliopona wakaomba pawe makumbusho. Miaka na miaka watu wamekuwa wakipanga foleni ya paspoti juu, chini kule pamekaa kimya. Kufungua mlango siku moja na waandishi wa habari haitoshi, mlango unajifunga wenyewe.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kazi, akaniambia we dada unaota, Afrika Kusini wana hela, sisi hata karatasi za fotokopi tunachangishana. Ni kweli tunachangishana. Lakini mi sijaomba mlango wa haki 27. Wajerumani waliotumia mawe yetu na nguvu za watu wetu kujenga, kama kweli msamaha ule ni wa moyoni, chokaa na boriti za chumba kimoja haziwezi kuwashinda, na halmashauri zetu kuandika barua moja ya kuomba jengo litumike haiwezi kuzishinda. Kuna mafundi Kivinje na Kisiwani wanaojua kuchoma chokaa ya matumbawe na kupaka ukuta wa kizamani, walifanya kazi kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani mpaka UNESCO ikayatoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Ufundi upo. Na kule Kisiwani ngome yenyewe inaitwa Gereza, na neno hilo la gereza tulilichukua kwa Mreno, kwake yeye igreja ni kanisa. Yaani kanisa la mtu limekuja likawa jela kwenye midomo yetu, basi na jela inaweza ikawa kitu kingine.

Hata Ibo. Tangu vita vya Cabo Delgado vianze Oktoba 2017, kisiwa kilekile kimepokea maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao bara, wanashuka kwenye mashua na magodoro na kuku. Na ndani ya ile ngome mafundi wa fedha wamekuwa wakikaa kufua mikufu. Niliona picha ya mmoja, mzee, miwani imefungwa kwa uzi, nyundo ndogo kama kijiko. Nikaikuza picha kwenye simu kuangalia ukuta wa nyuma yake kama kuna chochote kimeandikwa. Ni ukuta tu.

Yule mzee wa Kivinje ndo akanionyesha. Kuna nyumba ya mawe, mlango haupo, akasema ingia tu mwanangu hamna mtu. Chumba cha chini bado kina dari, boriti za mikoko zimeshika. Harufu ya popo na bahari. Nikavua viatu sijui kwa nini, nikapima kwa hatua, hatua saba urefu, tano upana. Meza inaingia, mabenchi mawili yanaingia, kabati la mafaili linakaa kwenye ule ukuta mzito usio na unyevu. Dirisha limezibwa na mawe, mzee akasema lilizibwa zamani, linafunguka, ni mawe yamepangwa tu hayana saruji. Nikampigia yule mama simu kabla gari halijaja. Nikamwambia wiki ijayo tukutane Kivinje, nauli nitampa, asije na mtu. Akauliza tutakaa wapi. Nikamwambia kuna chumba, na mzee amesema atatupatia jamvi.